Tuta la Tatu

Alikuwa jirani yangu, na hivyo ndivyo nilivyomwita siku zote: Jirani. Na yeye aliniita hivyo hivyo. Jina lake la kitambulisho nililijua, lilikuwa likitajwa misibani na kwenye mikutano ya mjumbe wa mtaa, lakini halikupata kunikaa mdomoni. Mgeni akipita na kutusikia, Jirani huku na Jirani kule, alidhani tunataniana. Pengine tulikuwa tunataniana kweli, ila yeye utani wake ulikuwa wa uso mkavu, huwezi kujua ulianza wapi.

Kati ya baraza langu la kushonea na kiwanja chake kulikuwa na kijia tu cha mchanga. Tegeta ya wakati ule haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa mikorosho, viwanja vilivyopimwa na mawe ya bikoni yaliyojificha majanini, na mapagala yasiyo na paa yakisubiri wenyewe wapate nguvu. Kila mtu alikuwa anajenga, au anasema anajenga. Asiye na uwezo alipanda mihogo ili kiwanja kisionekane pori. Mwenye uwezo kidogo alimwaga kifusi, akakiacha pale marundo marundo hata mwaka, ili wapitao wajue kwamba mwenyewe yupo na ana nia.

Jirani naye alikuwa na marundo. Kiwanja chake kiliteremka kutoka kwenye kijia hadi karibu na korongo, na kwenye mteremko huo alipanga udongo kwa namna ambayo mgeni hakuielewa: tuta, kisha tuta, kona iliyoinuliwa ukingo kama sahani, tuta jingine refu, kona ya kushoto, halafu matuta madogo yaliyofuatana hadi chini. Pembeni kabisa alijichomekea kibanda cha mabati, na humo ndimo alimoishi. Ukimuuliza nyumba iko wapi, alikuonyesha kibanda. Ukimuuliza na haya marundo je, alisema, "Hiyo ni njia."

Njia hiyo ilikuwa ya mashindano ya baiskeli. Si mashindano yale ya kutoka mjini hadi Bagamoyo, watu wamevaa kaptura za kubana. Haya yalikuwa mafupi sana. Waendeshaji wanne walipanga mstari juu, magurudumu ya mbele yakiegemea ubao. Ubao ukianguka, wote wanne wanateremka kwa pamoja, bega kwa bega, wanaruka matuta, wanabanana kwenye kona. Wawili wa mbele wanaendelea na raundi nyingine, wawili wa nyuma wanakaa kando na kutafuta visingizio. Kwa muda wa mtu kutunga uzi kwenye sindano, mbio zilikuwa zimekwisha.

Aliipata wapi habari hiyo? Aliniambia siku moja nikimpunguzia suruali, na sikumwamini mpaka nilipoona hacheki. Alikuwa mtunza stoo kwenye shirika moja la umma mjini, na lilipoanza kupunguza watu yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Siku aliyopewa barua hakutaka kurudi nyumbani mapema, akaingia kwenye kibanda cha video Manzese. Mkanda ulikuwa wa karate. Lakini aliyeurekodi aliurekodi juu ya kitu kingine, na mwanzoni kikabaki kipande: watu wanne kwenye baiskeli za matairi manene wakiteremka mlima wa udongo. Wakaruka tuta la kwanza, la pili, wakafika la tatu, wakawa hewani wote wanne, na hapo hapo picha ikakatika, akatokea mtu anavunja matofali kwa kichwa. Kibanda kizima kikashangilia. Jirani akamwomba mwenye video arudishe nyuma. Watu wakamzomea. Akakaa mpaka watu wakatoka, akaomba tena, akaonyeshwa peke yake.

"Nani alishinda?" nilimuuliza.

"Sijui. Karate iliingia."

Kwa hiyo njia yake aliijua hadi tuta la tatu. Kuanzia hapo kwenda chini alibuni mwenyewe. Na lile tuta la tatu ndilo alilolipenda kupita yote. Mengine yalikuwa ya udongo wa kawaida na kifusi alichoomba kwa madereva wa malori, lakini la tatu alilijenga kwa udongo wa kichuguu, aliousomba kwa toroli kutoka upande wa kilima cha Wazo. Alilimwagia maji jioni, akalishindilia kwa gogo asubuhi, mwaka baada ya mwaka, likawa gumu na laini kama sakafu ya mtu mwenye mke msafi.

Alikuwa mtu wa mbio ambaye mwenyewe hakwenda mbio. Alikuwa na baiskeli ya Kichina, nyeusi, nzito, na aliiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Akiona gari kwa mbali alishuka, akasukuma, akasubiri vumbi litulie. Sikumwona hata siku moja akiteremka njia yake mwenyewe. Vijana walipomtania alijibu, "Mpishi halazimiki kushiba." Alikuwa na maneno ya aina hiyo, anayatoa kisha ananyamaza siku nzima, kana kwamba mgawo wake umekwisha.

Siku za katikati ya wiki aliweza kukaa bila kusema na mtu. Niliona moshi wa jiko lake, namwona akitoka na ndoo, akirudi na ndoo. Hakuwa na redio. Hakumtembelea mtu na hakumkaribisha mtu ndani ya kibanda chake. Nilikuwa nikipeleka sahani wakati wa futari, yeye Mkristo lakini sahani haina dini, na aliipokea mlangoni kwa mikono miwili, akairudisha kesho yake imeoshwa na ndani yake ameweka ndimu au mapapai. Mlango aliuziba kwa mwili wake. Mimi ni mjane, sikutaka maneno, kwa hiyo nilishukuru. Lakini wakati mwingine nilisimama pale nikijua kabisa kwamba mtu huyu ana njaa ya kitu ambacho hakimo kwenye sahani, na iliniuma.

Jumamosi alasiri mambo yalibadilika. Walianza kufika wabeba mkaa kutoka Bunju, wameshauza mizigo yao, wamefungua karia za kubebea mizigo na kuziacha barazani kwangu. Walikuja vijana wa mitumba na baiskeli za gia zilizoanza kuingia nchini kwa makontena, na wauza samaki na wapiga debe waliochoka kupiga debe. Kulikuwa na Shomari, msambaza mikate, kijana mrefu mwenye domo refu zaidi, ambaye kila alipoanguka alisema njia imehama. Wanawake walileta mihogo ya kukaanga. Nami niliwashonea namba za mgongoni kwa vipande vya mashuka, na vikinga magoti vya sponji ya godoro.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Kamba ya kuangushia ubao ilivuka kijia ikaja hadi kwenye nguzo ya baraza langu. Jirani alitaka iwe hivyo kwa sababu yeye hakukaa juu kwenye ubao wala chini mwishoni. Alisimama pembeni mwa tuta la tatu, mikono ameifunga nyuma. Mimi, mguu mmoja kwenye cherehani, nilitazama wote wanne wakae sawa, nikapiga kelele, "Haya!" na kuvuta. Niseme ukweli, hakuna nguo niliyoshona ikanipa raha ile.

Hapo kwenye tuta la tatu ndipo kila mtu alipotiwa hofu. Ulikuwa ukilifikia kwa kasi, halionyeshi upande wa pili, na mkono wenyewe unatafuta breki. Jirani, aliyekuwa bubu wiki nzima, alipaza sauti mpaka mikorosho ikasikia: "Usipunguze mwendo! Usipunguze mwendo!" Wakishalivuka salama, au wakishaanguka na kuinuka, yeye aligeuka. Aliwapa mgongo. Wao wanamalizana kule chini, watu wanaruka na kubebana, yeye anatazama mikorosho. Alirudi kuuliza tu nani wawili wanaoendelea.

Nilidhani ni kwa sababu ya ule mkanda uliokatika. Nikamwambia hivyo.

"Hapana, Jirani," akasema. "Mwisho nikiuona, naona watu wanaokota karia zao. Kila mtu anakwenda kwake."

Alisema hivyo kawaida tu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, akaenda kumwagilia tuta lake. Mimi nilibaki na mkasi mkononi.

Kuna jambo sikupata kumwambia mtu. Ijumaa moja mchana wanaume walikuwa msikitini, kijia kimya, na baiskeli ya Shomari iko barazani kwangu nikiishonea kifuniko cha siti. Nilivaa suruali ya marehemu mume wangu ndani ya gauni. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mtoto wa sekondari, sijui shetani gani alinisukuma. Niliteremka. Tuta la kwanza nilicheka, la pili nilipiga ukelele, na la tatu lilipokuja nikabana breki zote mbili kwa nguvu za Mungu. Nilianguka upande, goti likachunika hadi nyama nyeupe.

Jirani alitokea kibandani. Hakucheka wala hakukimbia. Aliinua baiskeli kwanza, akanyoosha usukani, kisha akanipa mkono.

"Umepunguza mwendo."

"Niliogopa, jamani!"

"Kila mtu anaogopa hapo. Tuta hili halimtupi mtu anayekwenda."

Akanichotea maji nioshe goti, akaniletea mlangoni, kama mimi nilivyompelekea futari. Hakumwambia mtu, hata kwa mzaha. Kovu ninalo mpaka leo.

Alikuwa na mke, msije mkadhani aliota kama uyoga. Mkewe alikuwa kwao bara, na duka dogo na watoto waliokwisha kuwa wakubwa. Alikuja mara moja, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, akasimama kwenye kijia na begi lake akitazama mteremko wa matuta na kile kibanda. Nilimletea kiti na maji. Alikunywa, akamwangalia mumewe bila hasira.

"Baba, mie nitakuja kukiwa na paa," alimwambia. "Si paa la banda. Paa la nyumba."

"Nimesikia," alisema Jirani.

Akamsindikiza kituoni akisukuma ile baiskeli, begi kwenye karia. Mjumbe wetu alikuwapo siku hiyo na aliyasikia yote. Mjumbe alikuwa mwanamke mwema, wa wema ule usiotulia, akiona shida ya mtu hapati usingizi mpaka ameitatua, iwe mwenye shida ametaka au hakutaka. Akaanza kusema kwenye mikutano kwamba viwanja visivyoendelezwa vitachukuliwa wapewe wengine, na kwamba kuna mtu hapa mtaani ameachwa na mkewe kwa kukosa paa, na sie tunamtazama.

Mvua za masika zilipoisha, Jirani akafiwa na mama yake. Tulichanga rambirambi, akapanda basi kwenda kuzika. Nami siku hizo hizo niliitwa Kinondoni kushona sare za harusi ya mpwa wangu, nikafunga baraza.

Niliporudi sikukijua kiwanja. Nilidhani nimepotea njia. Kutoka kwenye kijia hadi korongoni ardhi ilikuwa imelala sawasawa kama mkeka, imefagiliwa hata na fagio la chelewa, alama za mafagio zinaonekana. Mjumbe aliitisha msaragambo. Walikuja wote na machepe, masururu na matoroli, wanawake wakapika wali, na waliofanya kazi kuliko wote walikuwa wale wale wa Jumamosi. Walitandaza kila kitu. Walikuwa wamekaa kivulini wamechoka, wana furaha ya watu waliofanya jambo jema, na Shomari akanipokea mzigo wangu.

"Umeona, Mama? Sasa fundi akija kesho anachora msingi tu."

"Shomari, na njia je?"

"Njia gani?"

"Njia ya mbio, we mtoto! Matuta!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ah, si kile kifusi? Sie tulijua alikuwa hajapata watu wa kukitandaza, ndo tukawa tunakichezea kidogo. Sasa nani anataka matuta kwenye kiwanja cha kujenga?" Kisha akaongeza, huku akijikuna, "Ila lile la tatu lilitushinda. Tumelikata juu tu. Gumu kama nini sijui."

Sikuweza kuwagombeza. Ningewagombeza kwa kosa gani? Walikuwa wamevuja jasho kwa ajili ya mtu waliyempenda. Niliingia ndani nikalia, na nikilia nilikuwa nasikia wanaimba.

Jirani aliporudi walipanga mstari kwenye kijia kumpokea. Pole na msiba, karibu nyumbani, angalia sasa. Alikuwa na begi mkononi na udongo mwekundu wa makaburini kwenye viatu. Aliangalia. Alianza juu akateremka na macho taratibu hadi chini, na nilijua kabisa yuko wapi kila wakati: tuta la kwanza, la pili. Kwenye la tatu, pale palipobaki uvimbe kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, macho yalisimama.

"Ahsanteni," alisema. "Mmefanya kazi kubwa."

Akaagiza kreti ya soda. Akamshika kila mtu mkono, mmoja mmoja, na mjumbe akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akaingia kibandani. Mimi ndiye niliyebaki mwisho.

"Kwa nini hukuwaambia?" nilimuuliza kupitia bati.

"Mtu amekupa jasho lake, Jirani. Utamwambia nini?"

Alijenga. Alijenga kwa sababu wangeshangaa asipojenga. Kiinua mgongo kilichobaki, kilimo cha mchicha korongoni, vibarua vya ulinzi, vyote viliingia ukutani. Jumamosi hakuja mtu. Baiskeli zilipita barabarani na mikate na mkaa, Shomari akipunga mkono. Fundi alitaka kuuchimba ule uvimbe wa tuta la tatu ili sakafu iwe sawa, wakabishana asubuhi nzima, na ndiyo mara pekee niliyomsikia Jirani akibishana. Uvimbe ukabaki. Watu walisema fundi amemwibia saruji.

Mkewe alikuja paa lilipokwisha. Aliisifu nyumba kwa moyo wake wote, akapika, akatutembelea sote. Baada ya wiki akasema duka halina mtu. Alikuwa amekaa bila mume kwa muda mrefu na amezoea, kama mtu anavyozoea miwani. Aliacha kanga kabatini, kama mtu atakayerudi. Hakurudi.

Mimi nilihamia Chanika, mwanangu aliponunua shamba huko. Siku ya kuondoka nilifungua ile kamba kwenye nguzo ya baraza. Nilikuwa naianikia magauni. Nikampelekea, akaipokea mlangoni kwa mikono miwili.

Miaka mingi ikapita kabla sijarudi Tegeta. Nilirudi kumzika mjumbe. Kijia chetu kimekuwa barabara ya magari, baraza langu duka la vipuri, na kila nyumba imejifungia ndani ya ukuta wenye vipande vya chupa juu. Pale msibani akaja Shomari, ndevu zina mvi, ana duka lake la mikate sasa.

"Shikamoo Mama. Umempitia Jirani yako? Hatokagi siku hizi. Miguu."

"Nyie mnampitia?"

Akainamisha kichwa. "Tunapitaga, lakini geti lake limefungwa."

Geti halikuwa limefungwa. Lilikuwa limerudishiwa tu, nilisukuma likafunguka. Jirani alikuwa mlangoni, amekonda, fimbo mkononi. Safari hii hakuuziba mlango. Alisogea pembeni.

"Karibu, Jirani."

Kwa mara ya kwanza katika umri wangu niliingia kwa mtu huyu. Nilivua viatu. Umeme ulikuwa umekatika, ukumbi una giza, na kwenye ukuta nikagusa kitu nikakijua kwa mkono kabla ya macho. Ni ile kamba. Ameifunga kwenye misumari kutoka mlangoni hadi sebuleni, anaishika akitembea. Mbele yangu sakafu iliinuka. Niliona inapanda, sikuona inapoishia, na goti langu lile lenye kovu likasita lenyewe.

"Usipunguze mwendo," akasema nyuma yangu.

Nikacheka. Nikalivuka lile tuta bila kusimama, naye akanifuata na kamba yake na fimbo yake. Upande wa pili kulikuwa na kiti kimoja, kimeelekezwa kwenye uvimbe.

"Hapa ndo unapokaaga?"

"Hapa. Nasikiliza kama kuna mtu anakuja."

Tulizungumza. Nilimpa habari za mjumbe, akasema alikuwa mtu mwema, na alimaanisha. Akanikaribisha chai, nikakataa, nikamwambia Chanika ni mbali na jua linashuka. Nikaaga. Kwetu mgeni husindikizwa hadi getini, na kama miguu haiwezi basi hata kwa macho. Yeye alinileta hadi pembeni mwa tuta, akasimama, akasema, "Nenda salama, Jirani," na akageuka. Akanipa mgongo, mikono ameifunga nyuma, anatazama ukuta.

Nilifika mlangoni. Nilivaa kiatu kimoja. Geti lilikuwa wazi mbele yangu, na nilichotakiwa kufanya ni kuokota mkoba wangu na kwenda kwangu, kama wote.

Nikavua kile kiatu. Nikarudi ukumbini, nikapanda tuta kwa kasi yote ambayo goti lilinipa, nikashuka upande wa pili. Alisikia nyayo, lakini hakugeuka.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Ile chai nimeikubali. Chanika haihami." Bado alikuwa amenipa mgongo. "Jirani, mie sijaondoka. Geuka basi."

Akageuka.